Kila athari ina mvua yake: namna ya kuunganisha ukame na maisha ya watu, ukianzia Dar es Salaam

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mwezi uliofuata TANESCO, shirika la umeme, ikatangaza upungufu wa umeme kwa sababu maji yalikuwa yameshuka kwenye vituo vyake, vikiwemo Kihansi na Kidatu. Bei ya mahindi nayo ilikuwa juu. Mitaani mambo yote matatu yalipewa jina moja, ukame, na watu hawakukosea. Ila ukitakiwa kuandika ripoti, tasnifu au makala yenye takwimu, jina hilo moja litakupoteza. Bomba la Magomeni lilikauka kwa mvua ambayo haikunyesha Uluguru. Umeme ulipungua kwa mvua ya Udzungwa na ya bonde la Ruaha Mkuu. Mahindi yana mvua yake nyingine kabisa, na sehemu ya mvua hiyo, kama utakavyoona, ilikosekana Kenya.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuonyesha, kwa ushahidi unaoshikika, kwamba ukame fulani ulileta hasara fulani kwa watu fulani katika eneo kubwa kuliko kijiji: mkoa, kanda, au bonde la mto. Nimeuandika nikimfikiria mwanafunzi wa tasnifu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) au Chuo Kikuu Ardhi, afisa mipango wa manispaa, na mwandishi wa habari aliyechoka kunukuu "mabadiliko ya tabianchi" kama jibu la kila swali. Huhitaji programu za gharama. Excel inatosha kwa sehemu kubwa, pamoja na bando na miguu ya kuzunguka masokoni.

Hatua ya 1: Anza na athari, ramani ya mvua ije baadaye

Wengi huanza kinyume. Wanapakua ramani ya ukame, wanaona eneo limeiva wekundu, kisha wanakwenda huko kutafuta watu wenye shida. Watu wenye shida utawapata popote uendako, mvua iwepo isiwepo. Ukianza na ramani, kila shida utakayokutana nayo itaonekana kuwa ya ukame.

Chagua athari moja, uiandike kama kitu kinachohesabika, chenye mahali na muda wake. "Wananchi waliathirika" haihesabiki. "Bei ya ndoo ya lita 20 kwa muuza maji wa mkokoteni, Kimara, kila wiki" inahesabika. Vivyo hivyo bei ya jumla ya gunia la kilo 100 la mahindi Tandale kila mwezi, saa za kukatika umeme kwa wiki, idadi ya ng'ombe walioingia mnada wa Pugu, au siku ambazo shule ilikosa maji. Athari za kijamii zinahesabika pia ukizishusha chini: dakika za foleni kisimani, idadi ya watoto waliochelewa kipindi cha kwanza, kaya zilizopunguza mlo kutoka mitatu hadi miwili.

Mwaka 1985 Donald Wilhite na Michael Glantz waliupanga ukame katika aina nne ambazo bado zinatumika: wa hali ya hewa, wa kilimo, wa maji ya mito na mabwawa, na ule wa kijamii na kiuchumi. Mgawanyo huo utakusaidia kutambua umesimama wapi. Wewe unashughulika na ule wa nne, na kazi yako ni kurudi nyuma hadi ule wa kwanza bila kuruka ngazi.

Hatua ya 2: Itafutie athari yako eneo la mvua yake

Hapa ndipo kazi nyingi za Dar huharibika, kwa hiyo usiikimbie hatua hii. Chukua karatasi, andika athari upande wa kulia, kisha uliza swali moja: kitu hiki kinatoka wapi? Endelea kurudi nyuma mpaka ufike mahali ambapo tone la mvua linagusa ardhi.

Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili: Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu pale Mlandizi, lita milioni 196. Ruvu unaanzia milima ya Uluguru na kupokea maji ya vijito kama Mgeta, Mvuha na Ngerengere. Kwa hiyo mvua unayoitafuta ni ya Uluguru na mabonde yake. Kuna mtego hapo: miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua nyingi sana, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka sehemu za juu, wakati Morogoro mjini iko upande ambao mlima unaikinga mvua. Ukichukua kituo cha Morogoro mjini ukasema ndiyo mvua ya Ruvu, umepima upande usiohusika sana. Na ukichukua wastani wa mkoa mzima wa Morogoro ndiyo kabisa, maana mkoa huo una maeneo ya misimu miwili ya mvua na maeneo ya msimu mmoja.

Umeme wa maji wa 2022 ulikuwa na mabonde matatu: Ruaha Mkuu kwa Mtera na Kidatu, Udzungwa kwa Kihansi, na Pangani kwa Nyumba ya Mungu, Hale na Maporomoko Mapya ya Pangani. Usiyachanganye kuwa namba moja. Pangani inalishwa na Kilimanjaro na Meru, na kaskazini inaweza kukauka huku Iringa wanavuna vizuri.

Mahindi ya Dar yanatoka Dodoma kupitia soko la Kibaigwa, na Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Mikoa hiyo ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo masika ya Dar, ambayo kila mtu mjini anayakumbuka kwa sababu ya mafuriko ya Jangwani, hayana la kusema kuhusu sembe. Mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi ndiyo yanaisikiliza mvua ya jijini, tena kwa siku chache tu.

Nyama ni ngumu zaidi. Ng'ombe wanaofika Pugu wanatoka mikoa mingi na hubadilisha njia kila soko linapobadilika. Ukiitaka nyama, nenda mnadani uwaulize wafanyabiashara walipakia wapi, usikisie kwa ramani.

Mwisho wa hatua hii uwe na mstari mmoja kwa kila athari: kitu, njia yake, eneo la mvua, msimu wa mvua. Chora mipaka ya eneo hilo kwa kufuata bonde au wilaya zinazozalisha, hata kama haifanani na mipaka ya mikoa. Bosi wako atataka ramani ya mikoa. Mpe mwishoni, kwa ajili ya picha.

Hatua ya 3: Pima ukame kwa kuupanga mwaka miongoni mwa miaka

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni fahirisi sanifu ya mvua, SPI, iliyobuniwa na Thomas McKee na wenzake kule Colorado mwaka 1993. Inachukua jumla ya mvua ya miezi kadhaa na kuuliza: kwa eneo hili na kwa miezi hii, jumla kama hii ni adimu kiasi gani? Hasi 1 ni ukame wa kadiri, hasi 1.5 mkali, hasi 2 mkali mno.

Kama hesabu zake zinakutisha, kuna njia ya mkato inayotoa jibu la karibu. Pata mvua ya kila mwezi kuanzia 1981. Data za CHIRPS zinazochanganya satelaiti na vipimo vya ardhini zinaanzia mwaka huo, ni za bure, na kila mraba wake ni kama kilomita 5. Ukiweza kupata za vituo kutoka TMA, mamlaka ya hali ya hewa, linganisha, hasa milimani ambako satelaiti hubahatisha. Kisha jumlisha miezi unayoitaka kwa kila mwaka, panga miaka kuanzia mkavu zaidi, na gawa nafasi ya mwaka kwa idadi ya miaka ukiongeza moja. Kwa miaka 42, mwaka mkavu kuliko yote unapata 1 kwa 43, yaani asilimia 2.3, ambayo ni sawa na SPI ya hasi 2 hivi. Asilimia 7 ni kama hasi 1.5, na 16 ni kama hasi 1.

Kwa nini usitumie tu asilimia ya wastani? Taarifa za TMA huiita mvua ya chini ya wastani ile isiyofika asilimia 75 ya kiwango cha kawaida, na kwa mkulima lugha hiyo inaeleweka. Lakini asilimia 75 Dodoma, ambako mvua hupanda na kushuka kila mwaka, si tukio kubwa. Uluguru mashariki ni tukio. Ukitaka kulinganisha maeneo, linganisha uadimu.

Urefu wa miezi unautoa kwenye athari. Kwa bustani, mwezi mmoja. Kwa Ruvu, jaribu miezi 3, 6 na 12. Kwa malisho, miezi 12 au misimu miwili mfululizo, kwani ng'ombe hafi kwa msimu mmoja mbaya. Wafugaji wa Simanjiro, Longido na Same walipoteza mifugo mwanzoni mwa 2022 baada ya vuli ya 2021 kushindwa, na majani yalikuwa yameshachoka kabla ya hapo. Kwa mahindi ya kanda ya kati, jumla ya msimu pekee inadanganya. Mvua ya Novemba hadi Aprili inaweza kufika wastani huku mahindi yamenyauka kwa sababu ya wiki tatu kavu za Februari, wakati wa kutoa mbelewele. Ongeza safu ya pili: idadi ya siku kavu zilizofuatana Januari na Februari.

Hatua ya 4: Kusanya athari, na ukae nazo muda mrefu kuliko unavyodhani

Mvua inapatikana kwa kupakua. Athari unaifuata. Ukipanga muda wako sawa kwa sawa umejidanganya.

Anza na takwimu zilizopo. NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, hutoa fahirisi ya bei kila mwezi. Wizara inayohusika na biashara hukusanya bei za jumla za mazao kwenye masoko makubwa. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa taarifa za mwaka za mamlaka za maji. Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, makao yake Morogoro, ndiyo yenye vipimo vya mtiririko wa mto. Kwa chakula vijijini kuna tathmini za MUCHALI, mfumo wa serikali wa kuchambua hali ya chakula na lishe, ambazo huziweka wilaya katika ngazi tano za hali ya chakula. Omba kwa barua yenye mhuri wa chuo au ofisi yako, na omba safu unazozihitaji tu. Ombi la "data zote" hukaa mezani.

Halafu magazeti. Marekani walianza mwaka 2005 kukusanya taarifa za athari za ukame kwa utaratibu, kupitia kituo cha ukame kilichopo Chuo Kikuu cha Nebraska, na Ulaya nako kuna hazina kama hiyo. Hapa kwetu utaijenga mwenyewe kutoka Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na matangazo ya mamlaka. Usitafute neno "ukame" peke yake. Habari ya bei ya mahindi mara nyingi hailitaji kabisa. Tafuta "mgao wa maji", "kina chapungua", "mifugo yafa", "chakula cha bei nafuu", "wakulima na wafugaji". Kwa kila habari andika tarehe ya tukio (siyo ya gazeti), mahali hadi kata, sekta, nani aliathirika, nani alisema, na kama msemaji mwenyewe ndiye aliyetaja ukame au ni mwandishi. Safu hiyo ya mwisho inachosha, lakini ndiyo itakayokuokoa siku ya kutetea kazi yako. Angalia pia marudio: tamko moja la mkuu wa mkoa linaweza kuonekana kama matukio matano kwa sababu magazeti matano yameliandika.

Kumbuka kwamba kijiji kisicho na mwandishi hakina ukame gazetini. Ukosefu wa habari kutoka Kiteto si ushahidi kwamba Kiteto walikuwa salama. Kwa Dar hali imegeuka: mgao wa siku mbili Masaki utasikika haraka kuliko wiki mbili bila maji Mbezi ya juu.

Kisha watu. Usimwulize muuza nafaka wa Tandale, "Mama, ukame umekuathiri vipi?" Atakujibu kwa adabu kile unachotaka kusikia, na atakuongezea habari ya serikali isaidie. Muulize mambo ya biashara yake: "Shikamoo mama. Mzigo wa mwisho wa Kibaigwa uliupokea lini? Ule wa kabla yake ulinunua gunia bei gani? Wateja wa kilo tano bado wanachukua tano?" Kwa muuza maji: "Kaka, dumu unalijaza shilingi ngapi, na mpaka mlangoni unaliuza ngapi?" Tofauti ya hizo mbili ni gharama ya umbali, na wakati wa mgao ndiyo huruka kwanza. Kwa fundi wa kuchomelea, kinyozi na mwenye saluni, uliza saa walizofunga na lita za mafuta ya jenereta. Pale Feri, soko la samaki, uliza bei ya barafu. Umeme ukikatika, barafu hupanda, na mvuvi aliyeona bahari imejaa samaki anauza kwa hasara kwa sababu ya mvua ambayo haikunyesha Iringa.

Watu husahau tarehe, ila hawasahau matukio. Badala ya kuuliza "Oktoba au Novemba?", uliza kama ilikuwa kabla au baada ya Sensa ya Agosti 2022, kabla au baada ya Kombe la Dunia la mwaka ule, mtoto akiwa darasa la ngapi.

Na nyama, kwa kuwa nilisema ni ngumu. Ukame unapoanza, wafugaji huuza mapema ili mifugo isiwafie mkononi, kwa hiyo ng'ombe huwa wengi mnadani na bei yao hushuka. Buchani Dar unaweza usione kitu, au ukaona nafuu. Mvua ikirudi, wafugaji wanashikilia mifugo ili kundi lijijenge, na hapo ndipo bei inapanda. Anayetazama bei ya nyama mjini ataandika kwamba mwaka wa ukame ulikuwa mzuri na mwaka wa mvua ulikuwa mbaya. Kipimo kinachosema ukweli ni cha kubadilishana: ng'ombe mmoja mnadani anapata magunia mangapi ya mahindi? Hesabu hiyo kila mwezi. Ikianguka kutoka magunia sita hadi mawili, familia ya mfugaji iko njaani hata kama zizi bado lina ng'ombe.

Hatua ya 5: Safisha namba kabla ya kuzilinganisha

Gawa bei zote kwa fahirisi ya bei ya NBS ili kuondoa mfumuko wa kawaida. Kisha ondoa msimu: mahindi hupanda kila mwaka kati ya Desemba na Machi, kabla ya mavuno, hata mwaka wa neema. Januari ilinganishwe na Januari nyingine, isilinganishwe na Julai. Hakikisha vipimo ni vilevile: gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, siyo gunia la kilo 100, na debe la soko moja linaweza kuwa limebonyezwa kuliko la jingine.

Hatua ya 6: Tafuta mwanya wa muda

Mvua ikikosekana leo, athari haiji leo. Weka safu mbili Excel, ukame na athari, piga hesabu ya uhusiano kwa CORREL, kisha sogeza safu ya athari mwezi mmoja mmoja na upige tena. Mwanya wenye uhusiano mkubwa ndio mgombea wako.

Mgombea tu. Ukijaribu miezi 12 ya mwanya kwa urefu wa mvua wa aina tano, umepiga hesabu 60, na kwa kiwango cha asilimia 5 ambacho wengi hutumia, tatu hivi zitaonekana "za maana" kwa bahati tupu. Kwa hiyo kabla ya kufungua Excel andika unachotarajia na sababu yake. Kwa Ruvu: masika hafifu hayakaushi bomba Mei, mto bado una akiba ya mlimani. Akiba hiyo huisha kuelekea Septemba na Oktoba, na vuli ikichelewa, kama ilivyochelewa 2022, ndipo mgao unapoanza. Kwa hiyo tarajia mwanya wa miezi minne hadi sita kutoka masika, na karibu sifuri kutoka kuchelewa kwa vuli. Kwa mahindi, msimu ukiharibika Februari, wafanyabiashara wanaanza kushikilia mzigo kabla hata ya mavuno ya Mei, kwa sababu habari husafiri kuliko lori. Namba zikipingana na maelezo ya namna hii, shuku namba kwanza, kisha shuku maelezo, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 7: Jedwali la vyumba vinne

Uhusiano wa 0.6 haumwambii mtu wa manispaa chochote. Tafsiri kazi yako kuwa kizingiti: "mvua ya Machi hadi Mei kwenye bonde ikiwa miongoni mwa miaka 6 mikavu zaidi kati ya 42, mgao hufuata". Kisha hesabu miaka katika vyumba vinne: ukame na athari, ukame bila athari, athari bila ukame, na utulivu.

Vyumba viwili vya katikati ndivyo vyenye elimu. Athari bila ukame inakuonyesha kisababishi kingine: bomba kuu lililopasuka, pampu, umeme wa mtambo. Ukame bila athari unakuonyesha kinga. Novemba 2022 visima virefu vya Kigamboni viliwashwa kuongeza hadi lita milioni 70 kwa siku. Kuanzia hapo, Ruvu ikishuka kiwango kilekile, jiji halitaumia kilekile. Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190, litakapojaa, kizingiti chako cha zamani kitakuwa historia. Umeme vivyo hivyo: Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha Februari 2024, na mvua inayohusika sasa ni ya Rufiji nzima. Kata data zako kwenye tarehe hizi. Usichore mstari mmoja kutoka 2000 hadi leo kana kwamba jiji ni lilelile.

Utakuwa na ukame wa maana mitatu au minne tu kwenye data zako. Jaribu kuutoa mmoja na kuona kama kizingiti kinabaki. Kikihama sana, sema hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 8: Tenganisha visababishi, fuata maamuzi

Mwaka 1974 nchi ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula na serikali ikazindua kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Ukame ulikuwepo. Lakini Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha mamilioni ya watu kutoka mashamba yao, na bei ya mafuta ya dunia ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973. Wanazuoni bado wanabishana ni kipi kilizidi. Kama wao wamebishana nusu karne, wewe usimalize kwa sentensi moja.

Kwa mahindi ya 2022 visababishi vya kuweka mezani ni vita vya Ukraine vilivyoanza Februari na kupandisha mafuta na mbolea, na Kenya. Kenya, pamoja na Somalia na Ethiopia, ilikuwa ndani ya misimu mitano mfululizo ya mvua iliyoshindwa, na wanunuzi wake walikuwa wanavuta mahindi kutoka kwetu. Kwa maneno mengine, sembe ya Manzese ilipanda kwa sehemu kwa sababu ya mvua ya Kitui. Tengeneza kalenda ya maamuzi ya biashara na iweke kando ya bei: Juni 2017 serikali yetu ilizuia kuuza mahindi nje, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Maamuzi kama hayo huweza kupindisha bei bila tone kuhusika.

Njia rahisi ya kutenganisha ni kulinganisha masoko mawili yanayonunua dizeli na mbolea kwa bei zinazokaribiana lakini hayashiriki mvua, mfano Songea na Arusha. Kupanda kulikotokea kote ni kwa vita na mafuta. Ziada iliyotokea upande mkavu tu ndiyo ya ukame, au ya mpaka wa Namanga unaopitisha mzigo kwenda Kenya, kwa hiyo ongeza soko la tatu lililo kavu na liko mbali na mpaka.

Maamuzi yenyewe pia ni sehemu ya athari, na hapa 2006 inafundisha kuliko kitabu. Ukame wa 2005 na 2006 ulilishusha bwawa la Mtera hadi umeme ukawa wa mgao mkali nchi nzima. Kutoka hapo matawi mawili yakaota. Tawi la kwanza lilikwenda kwenye mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, na likaishia Februari 2008 kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu. Tawi la pili lilipanda mto hadi Usangu, kwenye bonde la juu la Ruaha Mkuu. Wafugaji walinyooshewa kidole kwamba ndio wanaoimaliza ardhi oevu ya Ihefu na kuinyima Mtera maji, wakaondolewa, na wengi walisogea na makundi yao kuelekea Rufiji, Kilwa na Lindi. Huko walikutana na wakulima ambao hawakuwahi kuishi na mifugo mingi, na migogoro ikafuata. Ukichora ramani ya SPI ya Rufiji mwaka 2007 hutaona chochote cha kuieleza migogoro ile, maana mvua yake ilikosekana kwingine, na ilifika pale kupitia amri ya serikali.

Kwa hiyo kila unapounganisha mvua na tatizo la kijamii, andika katikati yake nani aliamua nini na lini. Pasipo mtu wa kati, kiungo hicho huenda hakipo. Kwa magonjwa kuwa mwangalifu zaidi. Kipindupindu cha Dar kilianza Agosti 2015, kwenye kiangazi, lakini kiliendelea hadi kipindi cha mvua za El Niño. Ukikata data mwezi Septemba unapata hadithi ya ukame, ukiikata Januari unapata ya mafuriko.

Hatua ya 9: Andika kwa sentensi zinazoweza kukanushwa

Kila hitimisho libebe vitu vitano: eneo la mvua, miezi, uadimu, mwanya, na ukubwa wa athari pamoja na aliyebeba. Mfano wa umbo lake: "Mvua ya Machi hadi Mei kwenye bonde la juu la Ruvu ikiwa ya uadimu wa asilimia 15 au chini, bei ya dumu kwa mkokoteni katika kata tatu za Ubungo huongezeka kuanzia Septemba, na mzigo huangukia kaya zisizo na tanki." Weka namba zako mwenyewe, na mstari wa chini useme miaka mingapi iliutii na mingapi iliukataa.

Tenga kiwango cha uhakika kwa kila kiungo cha mnyororo, si kwa mnyororo mzima. Mvua hadi mtiririko wa mto una vipimo. Mtiririko hadi mgao una tarehe za matangazo. Mgao hadi bei ya ndoo una daftari lako la Kimara. Bei ya ndoo hadi mtoto kuchelewa shule labda una mahojiano ya walimu wawili, na hapo andika kwamba ni mahojiano ya walimu wawili.

Peleka rasimu kwa mtu mmoja aliyeko kwenye kila pingili: mtaalamu wa maji wa bonde, dalali wa Kibaigwa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Dalali atakukosoa kuliko profesa. Kisha hifadhi faili lenye mvua, athari na kalenda ya maamuzi pamoja, na vuli inapoanza Oktoba ongeza mstari wa mwaka huo kabla hujajua kama mgao utakuja.